Karatasi na Kisa: Riwaya Tatu Kwenye Mlango wa Uingereza

Tangu mwaka 1948 Uingereza imebadilisha sheria zake za uhamiaji mara nyingi, na kila badiliko limemtaka mgeni atoe mfukoni karatasi nyingine. Mtu wa koloni aliyeshuka melini mwaka 1950 alihitaji pasipoti ya himaya tu. Aliyefika baada ya Julai 1962 kutafuta kazi alidaiwa vocha ya ajira. Kuanzia 1973 mgeni wa Jumuiya ya Madola aliulizwa mzazi wake au babu yake alizaliwa wapi. Anayeomba hifadhi leo huulizwa kisa chake chote, na kisa hicho hupimwa na ofisa ambaye mara nyingi hajawahi kuiona nchi kilikotokea.

Nimesoma upya, kwa kuzilinganisha, riwaya tatu za waandishi waliopita kwenye mlango huo kwa nyakati tofauti: The Lonely Londoners ya Sam Selvon wa Trinidad, iliyotoka 1956, Second-Class Citizen ya Buchi Emecheta wa Nigeria, ya 1974, na By the Sea ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, ya 2001. Zimetoka katika jadi tatu za usimulizi zisizo na ukoo wa karibu. Hata hivyo zote zinahangaika na mambo mawili, karatasi ambayo dola inamdai mgeni na kisa ambacho mgeni anacho moyoni. Nadai kwamba kila moja imepata umbo lake kutokana na sheria iliyokuwapo mlangoni. Nadai pia kwamba zikisomwa pamoja zinaionesha sera ya nchi hii tajiri kwa uwazi ambao si rahisi kuupata katika hotuba za bungeni.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Bila historia ya sheria, riwaya hizi hugeuka kuwa visa vya upweke na baridi tu. Sheria ya Uraia ya 1948 ilitungwa baada ya Canada kujianzishia uraia wake mwenyewe mwaka 1946, na lengo lake lilikuwa kuishikilia himaya iliyoanza kulegea. Ilimpa karani wa Kingston na fundi wa Manchester hadhi moja ya uraia, na kwa hiyo haki moja ya kuingia na kuishi London. Tarehe 22 Juni 1948, hata kabla sheria hiyo haijaanza kutumika, meli ya Empire Windrush iliteremsha bandarini Tilbury abiria zaidi ya 800 waliotokea visiwa vya Karibiani. Hawakuja kuomba. Walikuwa raia wa himaya waliohamia mji mkuu wake, na kazi zilikuwapo: hospitali za huduma mpya ya afya ya taifa zilihitaji wauguzi na wafagizi, na kufikia 1956 shirika la usafiri wa London lilikuwa likiajiri watu moja kwa moja kutoka Barbados.

Ghasia za kibaguzi za mtaa wa Notting Hill, London, za mwaka 1958 ziliwapa nguvu wanasiasa waliotaka mlango ufungwe. Sheria ya 1962 ikaleta vocha za ajira. Ile ya 1968 ilitugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Waasia wa Kenya waliobaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru wa 1963 walianza kuondoka kwa wingi pale Kenya ilipobana kazi na biashara za wasio raia. Serikali ya Harold Wilson ikapitisha sheria kwa siku tatu tu. Kwa sheria hiyo mwenye pasipoti halali ya Uingereza alinyimwa ruhusa ya kuingia Uingereza, endapo yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa, hakuasiliwa wala kuandikishwa uraia huko. Mwaka 1973 Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kuwabagua watu hao kwa rangi kulifikia kiwango cha kuwadhalilisha. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Uingereza ikawapokea zaidi ya 27,000 kati yao. Nchi ileile ilifunga na kufungua katika muda wa miaka minne.

Kisha ikaja tarehe 1 Januari 1973. Siku hiyo moja, Sheria ya Uhamiaji ya 1971 ilianza kutumika, na Uingereza ikajiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Mtu wa Napoli akapata njia ya kufanya kazi London, na mtu wa Port of Spain, ambaye baba yake pengine aliipigania Uingereza vitani, akawa mgeni wa kuombewa kibali. Katika miaka iliyofuata njia za kawaida ziliendelea kuzibwa, na mwaka 1987 hata mashirika ya ndege yaliwekewa faini kwa kumbeba abiria asiye na hati sahihi. Kwa aliyetoka nchi maskini bila utaalamu unaotakiwa na bila jamaa wa kumwita, mlango uliobaki ulikuwa ule wa hifadhi, uliowekwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mlango huo ulikuwa na sharti lake: mgeni alitakiwa asimulie, na aaminiwe.

Selvon na baraza la Jumapili

Selvon alifika Uingereza mwaka 1950, akisafiri katika meli moja na mwandishi George Lamming wa Barbados. Riwaya yake inaanzia katika ukungu, Moses akielekea stesheni ya Waterloo kumpokea kijana asiyemjua, Galahad, ambaye anashuka kwenye treni na nguo nyepesi za nchi ya joto, bila mzigo wowote. Tayari hapo wakati wa sheria unaonekana. Galahad haulizwi chochote na dola. Hana viza, hana mahojiano, hana wa kumthibitishia nia yake. Anaingia mjini kama mtu anayeingia mtaa mwingine wa mji wake.

Anayetaka kisa pale stesheni ni mwandishi wa gazeti. Anamdhania Moses kuwa Mjamaika aliyewasili punde, ingawa ni Mtrinidad aliyeishi London miaka kadhaa, na Moses anamwachia dhana yake. Anapoanza kusema habari za kweli, kwamba vyumba havipatikani na kazi wanazopewa ni zile mbaya kuliko zote, mwandishi yule hana tena haja naye. Tukio hili fupi, linalosomwa kwa kicheko, ndilo kiini cha riwaya. Mwenyeji anataka kisa cha mgeni, lakini amekwisha kukichagua kabla ya kukisikia.

Karatasi nayo ipo, imefichwa upande wa pili wa kaunta. Kwenye ofisi ya ajira Moses anamweleza Galahad kwamba kadi za watu weusi zina alama inayowataja wote kuwa Wajamaika na watu wa rangi, hata awe ametoka Trinidad au Nigeria, ili wasitumwe kwa mwajiri asiyewataka. Sheria ya 1948 ilisema raia ni wamoja, na kadi ya karani ikawatenga kimyakimya. Selvon aliliona jambo hili miaka sita kabla Bunge halijaliandika katika sheria ya 1962.

Jadi anayoitegemea ni ya kalipso, wimbo wa Trinidad unaochukua habari za mtaani na kuziimba kwa mzaha na uchungu kwa pamoja. Ndiyo maana riwaya haina msuko wa moja kwa moja. Ina visa vinavyopokezana: Cap Mnigeria aliyekuja kusoma sheria na sasa anaishi kwa ujanja, Tanty anayemlazimisha mwenye duka wa Harrow Road kuwauzia wanawake wa mtaa kwa mkopo, Galahad anayemkamata njiwa bustanini ili ale. Msimulizi mwenyewe anazungumza Kiingereza cha Karibiani tangu ukurasa wa kwanza, na huo ulikuwa ujasiri mkubwa mwaka 1956, wakati wengi waliamini lugha ya namna ile inafaa kwa mazungumzo ya wahusika tu. Kila Jumapili vijana hukusanyika katika chumba cha Moses na kurudia visa vilevile. Msomaji wa Kiswahili anayejua baraza za Unguja, Lamu na Mombasa ataitambua hali hiyo mara moja. Jamii iliyokatwa kwao imejitengenezea mahali pa kusemea.

Upungufu wa riwaya hii nao lazima usemwe. Ukimwacha Tanty na wachache wengine, wanawake wanapita kama vitu vya kuwindwa. Upungufu huo unatokana kwa kiasi na mtazamo wa mwandishi, na kwa kiasi na uhamiaji wenyewe, kwa sababu wengi waliotangulia walikuwa wanaume waliokusudia kukaa miaka mitano na kurudi. Sheria ya 1962 ndiyo iliyovunja nia hiyo. Watu walipojua kwamba mlango unafungwa, waliharakisha kuingia kabla ya siku ya mwisho, na waliokuwa ndani waliogopa kutoka wasije wakakosa kurudi. Wakaita wake na watoto, kwa sababu sheria iliruhusu hilo. Sera iliyolenga kupunguza wahamiaji ikawageuza wapita njia kuwa wakazi.

Emecheta na cheti kilichochomwa

Hapo ndipo anapoingia Buchi Emecheta. Alikwenda London mwaka 1962, mwaka uleule wa sheria ya kwanza ya kufunga, kumfuata mumewe aliyekuwa mwanafunzi. Riwaya yake inafuata nyayo za maisha yake kwa karibu. Adah, binti wa Kiigbo aliyepigania kusoma, amekua akisikia baba yake akilitaja jina la Uingereza kwa unyenyekevu wa mtu anayetaja mahali patakatifu. Anaposhuka Liverpool na watoto wake wawili, mumewe Francis anamtangazia cheo chake kipya: kule Lagos alikuwa mtu wa tabaka la juu, hapa ni raia wa daraja la pili. Uchungu wa riwaya umo katika ukweli kwamba hukumu hiyo inatamkwa na mume, aliyekwisha kuikubali na sasa anaisimamia ndani ya chumba.

Tofauti na Selvon ni kubwa. Moses na wenzake wana mtaa. Adah ana mlango wa kwanza wa dola na mlango wa pili wa nyumba yake, na yote miwili inafunguliwa kwa karatasi ya mwanamume. Anapotafuta chumba, matangazo yanasema wazi kwamba watu weusi hawatakiwi, naye anapiga simu akiwa ameziba pua ili lafudhi yake isijulikane. Anapokwenda kliniki ya uzazi wa mpango, fomu inadai sahihi ya mume, anaighushi, na Francis anapogundua anampiga. Mwishoni, mahakamani, Francis anakana kwamba waliwahi kuoana. Adah hana cha kuonesha, kwa kuwa Francis amekwisha kuchoma cheti cha ndoa, pasipoti yake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kabla ya hapo alikwisha kuchoma hata mswada wa hadithi yake ya kwanza.

Uhakiki wa Emecheta mara nyingi huishia kwenye ukatili wa mume. Nadhani haitoshi. Sheria inayomwingiza mke kama mfuasi wa mumewe humkabidhi mume karatasi zote za maisha ya mwenzake, na Francis anafanya kwa moto kile ambacho uwezo huo ulimruhusu kufanya. Jadi ya Kiigbo anayotoka Adah haikuwa pepo ya wanawake, na Emecheta anaisema bila kuisitiri tangu utoto wa Adah. Lakini jadi hiyo ilikuwa na shangazi, na bibi, na wanawake wa ukoo ambao mke aliyeonewa angewakimbilia, na wasimulizi wa kike waliowakusanya watoto usiku. London ilimnyang'anya Adah watu hao wote na kumwachia mtu mmoja. Anachoweza kukifanya ni kuandika. Usimulizi wa kike wa Ibusa, mji wa ukoo wa Adah, uliotaka duara la wasikilizaji, unageuka kuwa daftari la mwanamke mmoja usiku, watoto wakiwa wamelala. Mswada uliochomwa, The Bride Price, Emecheta aliuandika upya, na ulichapishwa mwaka 1976.

Gurnah na ukimya wa mzee wa pwani

Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuikimbilia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. By the Sea inaanza pale sheria ilipofika kiwango chake cha kudai kisa. Mzee wa miaka sitini na ushei anatua Gatwick. Pasipoti yake ina jina la Rajab Shaaban Mahmud, ilhali yeye ni Saleh Omar, aliyekuwa mfanyabiashara wa samani. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Anatamka maneno machache tu ya kuomba hifadhi, kisha ananyamaza.

Ofisa anayemkabili, Kevin Edelman, anapekua mkoba wake na kukuta kasha la udi. Anauliza maswali, hapati jibu, na hatimaye anauchukua ule udi. Edelman mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi waliotoka Rumania, na anamwambia mzee yule kwamba wazazi wake ni Wazungu, watu wa familia, na kwa hiyo walikuwa na haki ambayo mzee huyu hana. Msomaji anayekumbuka tarehe 1 Januari 1973 atasikia humo mantiki ya mambo yale mawili yaliyoanza siku moja. Gurnah ameiweka historia ya robo karne kinywani mwa ofisa mmoja, bila hotuba.

Kwa nini mzee ananyamaza? Jibu la juu ni ule ushauri aliopewa. Jibu la ndani linatoka katika jadi ya pwani, na hapa ndipo riwaya hii inapozipita zile mbili kwa kina. Saleh Omar ametoka katika ulimwengu wa pepo za msimu, ambako wafanyabiashara wa Bahrain, Hadhramaut na Bara Hindi walifika, wakakaa, wakauza, wakasimulia, wakaoa, wakarudi. Katika ulimwengu huo hadithi ilikuwa sehemu ya biashara na ya ukarimu. Udi ule ni wa Hussein, tajiri wa Kiajemi aliyeingia katika nyumba za watu kwa ulimi mtamu. Naye ndiye aliyetumia hati ya deni, nyumba ya Rajab Shaaban ikiwa rehani, akaihamishia kwa Saleh na kuondoka na pepo za kusi. Hati hiyo ilizivunja familia mbili. Baadaye dola mpya ikamfunga Saleh miaka mingi bila kesi ya haki, na mke na binti yake wakafa yeye akiwa kifungoni. Mzee anayesimama Gatwick anajua vizuri kwamba karatasi inaweza kumla mtu, na kwamba kisa kizuri mbele ya mtu mwenye nguvu kinaweza kukugharimu nyumba. Anabeba jina la aliyemdhulumu na kudhulumiwa naye kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi iliyopatikana.

Ukimya wake unaisha kwa namna yenye maana. Mwanasheria wake, Rachel, anatafuta mtaalamu wa lugha ya mzee huyu, na jina linalopatikana ni la Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London, mtoto wa Rajab Shaaban wa kweli. Wawili hawa wanakutana katika nyumba ya mzee, katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, na kwa ziara kadhaa wanasimuliana. Kila mmoja anakisahihisha kisa cha mwenzake. Kuna mambo Latif aliyoyaamini tangu utotoni yanayoporomoka, na kuna mambo Saleh anayolazimika kuyakiri. Ukweli unapatikana polepole, kati ya watu wawili wanaodaiana, na bila muhuri unaongojea mwisho wa mazungumzo.

Ulinganishi unaonesha nini

Tukiziweka riwaya tatu pamoja, tunaona kwamba dola ilivyozidi kudai kisa ndivyo wahusika walivyozidi kukificha. Galahad haulizwi, na anasema bila kikomo. Adah anaulizwa sahihi ya mumewe, na anaandika kwa siri. Saleh anaulizwa maisha yake yote, na hasemi chochote. Katika zote tatu kisa kizima kinasikilizwa nje ya ofisi: chumbani kwa Moses, kwenye daftari la Adah, sebuleni kwa Saleh.

Namna wanavyosema nayo inatofautiana kwa jadi. Kalipso humpa Selvon sauti ya wengi na kicheko kinachofunika jeraha. Usimulizi wa wanawake wa Kiigbo humpa Emecheta ukali wa kusema jambo kama lilivyo, bila kupamba. Jadi ya pwani humpa Gurnah subira, kisa ndani ya kisa, na adabu inayojua kwamba kusema kupita kiasi ni hatari. Hakuna jadi iliyo bora kuliko nyingine hapa. Lakini ni Gurnah pekee anayeufikisha mgogoro huu kwenye swali la nani ana haki ya kusikia.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita. Riwaya zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza, na ziliposomwa kwanza zilisomwa hasa na wenyeji wa mlango. Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ina njia nyingine. Ni masimulizi ya safari ya kijana wa Unguja anayeelekea Ulaya kabla ya uhuru, kupitia Uganda na Sudan, na mipaka na hati zinamsumbua pia. Lakini Adam Shafi anawasimulia watu wa kwao. Hana haja ya kueleza Unguja ni nini wala ya kujitetea kwamba anastahili kuhurumiwa, na kwa hiyo msafiri wake anakuwa mdadisi, mkaidi na mwenye tamaa ya dunia, sifa ambazo mwombaji wa hifadhi hulazimika kuziacha nje ya ofisi. Uhuru huo wa kuwa mtu mzima mbele ya msikilizaji ndio ambao sera ya nchi tajiri humwondolea mgeni.

Baada ya vitabu

Yaliyotokea tangu 2001 yamezithibitisha riwaya hizi. Kuanzia 2012 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuyafanya maisha ya wasio na vibali kuwa magumu kwa makusudi, na sheria za 2014 na 2016 ziliwataka wenye nyumba, benki na waajiri wakague hati. Kadi ya siri ya ofisi ya ajira aliyoieleza Selvon ikawa wajibu wa kila mwenye chumba cha kupangisha. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba watu wa kizazi cha Windrush, waliokuja wakiwa watoto na kufanya kazi na kulipa kodi miaka arobaini au hamsini, walifukuzwa kazi, walinyimwa matibabu na wengine kuondoshwa nchini, kwa sababu hawakuweza kutoa ushahidi wa maandishi wa kila mwaka waliokaa. Kadi zao za kuwasili melini zilikuwa zimeharibiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe mwaka 2010. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu, na baadaye serikali ilikiri kwamba watu wasiopungua 83 waliondoshwa kimakosa. Francis alichoma vyeti vya mkewe kwa hasira. Wizara iliharibu kadi kwa utaratibu wa ofisi, kisha ikawadai wenyewe ushahidi.

Mwaka 2022 Uingereza ilitia saini na Rwanda makubaliano ya kuwapeleka Kigali watu waliofika bila ruhusa, wengi wao kwa boti ndogo. Maombi yao yasingesikilizwa Uingereza hata kidogo. Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja, tarehe 15 Novemba 2023, kwamba mpango huo haukuwa halali, kwa sababu ya hatari ya wakimbizi kurudishwa walikotoroka. Bunge likapitisha sheria Aprili 2024 kuitangaza Rwanda kuwa nchi salama, na serikali mpya ya Julai 2024 ikaufuta mpango wote. Mzee Saleh alikataa kusimulia. Miaka ishirini baadaye dola ilitaka kukataa kusikiliza.

Katika kipindi hichohicho nchi ilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Mwaka 2022 ilifungua viza kwa walezi wa wazee, wakaja watu wengi kutoka Nigeria, Zimbabwe, India na kwingineko, na katika mwaka ulioishia Juni 2023 idadi ya walioingia ilizidi ya waliotoka kwa zaidi ya 900,000. Machi 2024 walezi walikatazwa kuja na wenza na watoto, na Julai 2025 ajira mpya za walezi kutoka nje zikasitishwa. Emecheta aliandika juu ya mke aliyeingia kwa jina la mume. Leo mwanamke huyo anaweza kuwa ndiye mwenye viza, akamwosha mama wa Mwingereza mmoja huku mtoto wake mwenyewe akilelewa na bibi Harare.

Hoja ya upande wa pili

Yapo maneno ya haki ya upande wa pili. Kila nchi ina mamlaka juu ya mpaka wake, na raia wa Uingereza wanaopanga foleni ya nyumba na ya daktari hawakosei kuuliza nchi yao inaweza kupokea watu wangapi. Ofisa naye hawezi kuamini kila kisa, na Saleh Omar kweli alisafiri kwa jina lisilo lake. Gurnah halifichi hilo. Sisi wenyewe tuna madawati yetu ya wakimbizi, na si kila anayefika kambi za Nyarugusu au Kakuma husikilizwa inavyostahili.

Lakini historia niliyoieleza inajibu. Sera ya kuwapunguza watu kwa kuwatilia shaka imeshindwa hata kwa kipimo chake yenyewe: 1962 iliharakisha ujio, njia halali zilizozibwa zilisukuma watu kwenye boti, na ukaguzi wa hati uliwaangamiza wazee wenye haki kamili. Dola inaweza kuchagua vinginevyo. Tanzania, nchi isiyo tajiri, iliwapa uraia mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 waliokuwa wakimbizi wa Burundi tangu 1972 pamoja na watoto wao, baada ya kukubali jambo lililokuwa wazi, kwamba watu hao walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji. Uamuzi huo haukumaliza matatizo ya wakimbizi nchini, ila ulianza kwa kuyatazama maisha ya watu jinsi yalivyo.

Kwa hiyo riwaya hizi tatu zisomwe katika shule na vyuo vyetu kwa pamoja, pamoja na Adam Shafi, na zisomwe sambamba na sheria zilizozizaa. Kazi iliyoanzwa na Ida Hadjivayanis, aliyeifanya Paradise ya Gurnah kuwa Peponi mwaka 2022, iendelezwe hadi By the Sea nayo isomwe kwa lugha ya mzee aliyenyamaza Gatwick. Serikali zetu, zinapotia saini mikataba ya kupeleka wauguzi na walezi nchi tajiri, zidai kwanza haki ya mfanyakazi kubadilisha mwajiri na kuishi na watoto wake. Na ndugu zetu walioko Leicester, Birmingham na London, wanaoandika visa vyao kila mara kwa ajili ya fomu na wanasheria, waviandike pia kwa Kiswahili, kwa ajili yetu, tusio na muhuri wa kuwapa wala wa kuwanyima.